Maswali mnayotuuliza kuhusu Wikipedia

Makala ya familia ya mwezi huu

 

Sisi tunaoandaa jarida hili huwa tunakaa kila Jumamosi kwenye chumba cha kompyuta, pale karibu na shule, kusaidia wanaokuja. Wengine wanakuja kuandika barua, wengine kutafuta matokeo ya mitihani. Lakini karibu kila mtu, akiuliza jambo lolote, anafika mahali pamoja: Wikipedia. Mtoto anaulizwa shuleni habari za Patrice Lumumba, anafungua Wikipedia. Baba anataka kujua Kanada iko wapi na baridi yake ikoje, Wikipedia. Basi maswali yamekuwa mengi hadi tukaweka sanduku mlangoni. Mwezi huu tumelifungua, tumesoma vikaratasi vyote, na tumechagua yale yanayorudi mara kwa mara. Hebu tuyajibu moja moja.

Hiki kitu ni nini, na mwenyewe ni nani?

Kikaratasi kimoja kiliuliza, "Wikipedia ni ya UNHCR au ni ya serikali?" Si ya UNHCR wala si ya serikali yoyote. Ni kamusi elezo, yaani kitabu kikubwa cha maarifa ya kila aina, ila hakikuchapwa kwenye karatasi. Kiko kwenye intaneti. Kilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Tangu mwaka 2003 kinatunzwa na shirika lisilo la faida linaloitwa Wikimedia Foundation, ambalo ofisi zake ziko San Francisco, Marekani. Jina lenyewe limetokana na neno la watu wa Hawaii, wiki, maana yake upesi.

Lakini hilo shirika haliandiki makala. Linatunza mitambo na kulipa gharama. Wanaoandika ni watu wa kawaida wa kujitolea: walimu, wanafunzi, wastaafu, wauguzi, mtu yeyote. Hawalipwi na shirika hilo kwa kuandika. Ni kama salongo kijijini: kila mmoja analeta jembe lake, na barabara inatengenezwa.

Wikipedia iko katika lugha zaidi ya 300. Ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 7, ya Kifaransa zaidi ya milioni 2. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Zipo pia za Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala, Kikongo na Kiganda, ingawa hizo ni ndogo zaidi.

Je, tunalipa?

Hapana. Kusoma ni bure, kuandika ni bure. Hakuna matangazo ya biashara. Pesa inatoka kwa watu wanaochanga kwa hiari. Wakati mwingine juu ya ukurasa linatokea ombi la mchango, na mama mmoja alikuja kwetu ana hofu, akidhani ana deni na atakatiwa simu. Mama, hilo si deni. Ukilifunga, unaendelea kusoma kama kawaida. Mtu akikuambia umpe shilingi ili "akufungulie" Wikipedia, huyo anakuibia. Unacholipa ni mega za simu yako tu.

Tumeandika tukaomba msaada, mbona hatujibiwi?

Hili ndilo swali lililotuhuzunisha zaidi. Familia moja ilisoma ukurasa wa Wikipedia unaoeleza habari za UNHCR. Wakaona mahali pa kuandika, wakaandika pale majina yao yote, namba ya kadi yao, na ombi la kupelekwa nchi ya tatu. Walingoja miezi miwili. Walipokuja kwetu tulikuta maneno yao yamekwisha kuondolewa siku nyingi.

Ndugu, wale wa kujitolea wa Wikipedia wanasema kwamba hili ni kosa linalotokea dunia nzima. Kuna meza ya msaada ambako watu wanauliza maswali, na kila mara wanapokea barua ambazo si zao: mtu anaandika kwa benki, mwingine kwa chuo kikuu, mwingine kwa mwanamuziki, kwa kuwa tu amesoma ukurasa unaowahusu. Kusoma habari za hospitali hakukufanyi uwe ndani ya hospitali. Ukurasa wa Wikipedia kuhusu UNHCR si ofisi ya UNHCR. Anayeusoma ujumbe wako labda ni mwanafunzi aliyekaa chumbani kwake, hana uwezo wa kukusaidia hata angependa.

Kwa mambo ya kesi yenu, nendeni kwenye meza ya ulinzi hapa hapa kambini. Huduma za UNHCR ni za bure, na hakuna anayeruhusiwa kuuza nafasi ya kuhamishwa. Kwa anayemtafuta mtoto, mke au ndugu aliyepotea njiani, kuna huduma ya Msalaba Mwekundu ya kuwatafuta waliopotezana. Hiyo nayo ni ya bure. Wikipedia haitafuti watu.

Tena tunaomba sana: msiandike namba za kadi wala majina ya watoto mahali ambapo dunia yote inasoma.

Kama kila mtu anaandika, tuiamini vipi?

Swali zuri, na mwalimu mmoja alilileta kwa hasira kidogo. Tunamjibu kwa mifano miwili iliyotokea mwaka mmoja, 2005.

Wa kwanza ni mbaya. Mtu mmoja kwa utani aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, alishukiwa kuhusika na mauaji ya rais John Kennedy na ndugu yake Robert. Ulikuwa uongo mtupu. Maneno yale yalikaa pale kama miezi minne bila kuonekana na mtu wa kuyasahihisha. Mzee wa watu alilalamika magazetini, na alikuwa na haki. Baada ya hapo Wikipedia ya Kiingereza ilizuia wasio na akaunti wasianzishe makala mpya, na masharti ya kuandika juu ya watu walio hai yakakazwa.

Wa pili ni mzuri. Mwaka huo huo jarida la sayansi liitwalo Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi wazilinganishe na zile za Encyclopaedia Britannica, kamusi elezo ya siku nyingi inayoandikwa na wasomi. Walikuta wastani wa makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia, na kama matatu kwa Britannica. Wenye Britannica walibisha matokeo hayo. Lakini wengi walishangaa kwamba tofauti ni ndogo vile.

Basi jibu letu ni hili: iamini kama unavyomwamini jirani mwenye kusoma sana. Msikilize, lakini kwa jambo zito muulize, "Umeitoa wapi hiyo?" Kwenye Wikipedia swali hilo lina jibu lake palepale. Angalieni mambo matatu:

La kwanza, vile vinamba vidogo mwishoni mwa sentensi. Ukibonyeza unapelekwa kwenye kitabu au gazeti ambako habari ilitolewa. Sentensi nzito isiyo na namba, kuwa na wasiwasi nayo.

La pili, historia ya ukurasa. Kuna mahali juu pameandikwa hivyo. Pale unaona kila badiliko, nani kalifanya, siku gani na saa ngapi. Ukiona mambo yamebadilishwa jana usiku na mtu mmoja mara kumi, subiri kwanza.

La tatu, ukurasa wa majadiliano. Huko ndiko wanakobishana. Kwa habari za vita vyetu, za makabila na za mipaka, someni majadiliano kabla ya kuamini. Kanuni ya Wikipedia ni kutokuwa na upande: makala ieleze kila upande ulisema nini, isiwe hakimu. Kanuni hiyo haifuatwi kila siku, lakini ipo, na yeyote anaweza kuidai.

Mtoto ameugua. Tusome dawa humo?

Hapana, hapana, hapana. Wikipedia yenyewe inasema haitoi ushauri wa daktari. Inaweza kukueleza malaria ni nini na mbu gani anaileta. Haiwezi kumwona mtoto wako, haijui uzito wake wala joto lake. Mtoto akiwa na homa, mbebe mpeleke kliniki. Utasoma baadaye, akiwa amelala salama.

Watoto wetu wanakopi kila kitu. Ni kosa?

Kisheria, maandishi ya Wikipedia yametolewa kwa leseni huru. Unaweza kuyanakili, kuyachapa, hata kuyauza, mradi useme yametoka wapi, na ukiyabadilisha uyaache huru vilevile. Kwa hiyo si wizi ukitaja.

Lakini shuleni ni jambo jingine. Mwalimu anataka kujua kichwa cha mtoto kina nini. Mtoto akinakili ukurasa mzima kuhusu Ziwa Tanganyika, amejifunza kuandika haraka tu. Sisi tunawashauri wazazi hivi, hata wale wasiojua kusoma: mwambie mtoto asome, afunge kompyuta, halafu akueleze kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kumweleza bibi yake, ameelewa. Hapo ndipo aandike.

Tukiona kosa, tufanye nini?

Sahihisheni! Wikipedia inawaambia wasomaji wake wathubutu. Bonyeza mahali palipoandikwa "Hariri", badilisha lile neno, na chini yake eleza kwa kifupi kwa nini umebadilisha, halafu hifadhi. Msiogope kuharibu. Kwa kuwa historia imetunzwa, kosa lolote linarudishwa kwa dakika moja. Na mgeni akikosea, wenyeji wameagizwa wamwelekeze kwa upole.

Wengine wanaona haya: "Kiswahili changu ni cha Kongo, watanicheka." Makala zinaandikwa kwa Kiswahili sanifu, ni kweli. Lakini wewe lete habari iliyo sahihi, mwingine atanyoosha sentensi. Mwenye habari bila sarufi anasaidika. Mwenye sarufi bila habari tutamsaidiaje?

Jambo moja la usalama. Mkifungua akaunti, si lazima mtumie jina lenu la kweli. Waliokimbia watu wanaowatafuta, chagueni jina lingine lisilotaja kijiji wala ukoo. Unachoandika kinabaki kwenye historia ya ukurasa hata kikiondolewa machoni. Na picha ya mtu msiipandishe bila ruhusa yake.

Kwa nini walifuta kijiji changu?

Swali hili tumeliacha nyuma kwa makusudi, maana lilituchukua Jumamosi nne.

Mzee mmoja wa zoni ya tatu, anayetoka Kivu ya Kusini, alikuja na mjukuu wake. Alikuwa amekaa na kijana yule wiki nzima, yeye anasema, kijana anaandika. Waliandika makala ya kijiji chao. Nani alifika kwanza na akapanda miembe ipi. Soko lilikuwa siku gani. Kisima kilichimbwa na nani. Majina ya walimu wa shule ya msingi. Na mwisho, usiku ule wa vita kijiji kilipochomwa. Waliiweka kwenye Wikipedia ya Kiswahili siku ya Jumatano. Ijumaa ilikuwa imefutwa.

Mzee alikaa kwenye benchi, akatuambia, "Wametufukuza mara ya pili." Hatukuwa na neno.

Tulifungua tukasoma sababu. Aliyefuta ni mmoja wa wakabidhi, yaani wale wanaojitolea kusimamia usafi wa kamusi. Hakusema kwamba mzee ni mwongo. Alisema makala haina chanzo chochote kilichochapwa. Ndiyo kanuni: Wikipedia haipokei habari mpya kutoka kichwani mwa mtu, hata kama ni za kweli tupu. Inapokea kile ambacho tayari kimeandikwa mahali pengine panapoaminika, ili msomaji wa mbali aweze kwenda kuhakikisha. Ni kama kwenye baraza: hata mzee mheshimiwa anaulizwa shahidi wako ni nani. Ni kanuni hiyo hiyo inayomzuia mwongo, kama yule wa mwaka 2005. Ukiilegeza kwa mzee wetu, umemlegezea na aliyechoma kijiji aje aandike kwamba kijiji hakijawahi kuwepo.

Mzee alielewa, lakini akauliza swali ambalo mpaka leo linatusumbua. "Na kama walioandika vitabu hawakufika kwetu?"

Ni kweli. Angalieni Tanzania: kata zake nyingi zina ukurasa katika Wikipedia ya Kiswahili, hata kata ndogo, kwa sababu sensa ilifanyika na takwimu zikachapwa. Kwetu Kongo sensa ya mwisho ilikuwa mwaka 1984. Kijiji ambacho hakijahesabiwa tangu hapo, kikachomwa, kitaonyeshaje karatasi? Na siku hizi jambo limekuwa kubwa zaidi, maana hata zile programu mpya za simu zinazojibu maswali zimejifunza mengi kutoka Wikipedia. Kisichokuwa humo hawatakijua nazo. Wajukuu wetu watauliza, wataambiwa hakuna kitu.

Basi tulifanya tulichoweza. Jumamosi iliyofuata tulimsomea mzee ukurasa wa teritware yake, ambao haujafutwa. Ulikuwa mfupi sana. Akasikiliza, ghafla akanyanyua mkono: "Huo mto hauko huko. Unashuka upande wa pili, unamwagikia ziwani." Mwalimu mmoja jirani yetu alikimbia na kitabu cha jiografia cha zamani, alichokibeba kwenye mfuko wa unga siku ya kukimbia. Tukafungua. Mzee alikuwa sahihi, na kitabu kilikuwa shahidi wake. Mjukuu akasahihisha ule mstari, akaweka jina la kitabu na ukurasa. Mpaka tunapoandika makala hii, sahihisho bado lipo.

Ni mstari mmoja tu. Lakini mzee alimwambia mjukuu arudie kuusoma mara mbili, kwa sauti.

Na ile makala ya kijiji? Kijana alikuwa na nakala. Tutaichapa katika jarida hili, sehemu kwa sehemu, kuanzia mwezi ujao. Hatuahidi kwamba Wikipedia itakubali jarida dogo kama letu kuwa chanzo. Labda itakataa. Lakini karatasi iliyochapwa, yenye tarehe, ikatunzwa nyumba nyingi, ni kitu. Mtafiti au mwanafunzi wa kesho akiikuta, akalinganisha na wazee wengine, akaandika kitabu, basi kijiji kitakuwa kimepata njia ya kuingia kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo tunawaomba wazee wote: simulieni. Na vijana: andikeni, wekeni tarehe, wekeni jina la aliyesimulia kama ameruhusu. Wenye vitabu vya zamani vya shule, ramani, vitabu vya misheni, kadi za soko, msiwashie moto navyo. Hao ndio mashahidi wetu.

Na sisi tusio na mega?

Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya watu kama sisi. Inapakuliwa mara moja mahali penye intaneti, pamoja na Wikipedia ya lugha unayotaka. Ikishaingia kwenye simu au kompyuta, unasoma bila mtandao kabisa. Unaweza pia kuirusha kwa jirani kwa flashi au kadi ya simu. Ya Kiingereza ni kubwa sana ikiwa na picha zake zote, lakini ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye kadi za kawaida. Kumbukeni tu kwamba ni picha ya siku ile ilipopakuliwa. Haibadiliki mpaka upakue nyingine, na huwezi kusahihisha humo. Anayetaka aje Jumamosi na kadi yake, tumnakilie. Hatutozi kitu.

Ndugu wasomaji, maswali mengine hatukuweza kuyajibu kwa nafasi hii, tutayaleta. Sanduku bado liko mlangoni. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia. Na yule mzee anawasalimu. Ameomba tuseme kwamba Jumamosi ijayo anataka tumsomee ukurasa wa ziwa lenyewe, kwa sababu ana wasiwasi nao.

Tubakie na amani.

Ni sisi, waandaaji wa jarida lenu